Mwezi Gisabo: Mfalme wa Burundi ambaye ngoma za himaya yake zimo kwenye santuri

WALE waliodhani kwamba santuri zilikufa na kuzikwa pamoja na gramafoni za babu zetu wamekuta mambo yamegeuka. Sahani zile nyeusi, ambazo kanda zilizisukuma pembeni na CD zikaja kuzimalizia, zimerudi madukani wakati ambapo kila kijana anabeba maelfu ya nyimbo ndani ya simu yake ya mkononi. Nchini Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa santuri kuishinda CD kwa idadi.

Wanunuzi wa santuri za zamani wana tabia moja ambayo msikilizaji wa simu hana. Husoma jalada. Hutaka kujua nani alipiga, nani alitunga, wapi na mwaka gani. Na hapo ndipo sahani moja yenye jina la nchi jirani ya Burundi inapoleta maswali mazito.

Sahani hiyo ilitolewa Ufaransa mwaka 1968 na kampuni ya Ocora, kutokana na sauti zilizonaswa Burundi mwaka 1967. Ndani yake mna uimbaji wa kunong'ona unaoambatana na zeze la inanga, na mna ngoma. Ngoma hizo ndizo zilizowatia wazimu wanamuziki wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja, Michel Bernholc, alizichukua, akaongeza piano na gitaa juu yake, na wimbo huo ukaitwa Burundi Black. Uliingia katika orodha ya nyimbo 40 bora za Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji maarufu Joni Mitchell alizitumia ngoma hizo hizo katika wimbo wake The Jungle Line. Kufikia mwaka 1981 vikundi vya vijana wa London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vilikuwa vikijipatia umaarufu kwa mapigo ya mtindo huo.

Waliozipiga ngoma zenyewe hawakujulikana majina. Msikilizaji wa London alisikia Burundi, basi.

Lakini ngoma za Burundi hazikuwa za kila mtu aliyejisikia kucheza. Zilikuwa mali ya ufalme, na kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe, na ufalme. Ukisema mfalme ametwaa ingoma, umesema ametwaa nchi. Mtu ambaye jina lake limeshikamana na ngoma hizo kuliko wote ni Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1908. Ni zaidi ya nusu karne.

Habari zake zinawahusu pia wasomaji wetu wa Tanzania, hasa wa Ngara, kama tutakavyoona.

Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, kisha mzunguko ukaanza upya. Baba yake, Ntare Rugamba, alikuwa mpiganaji aliyeipanua nchi kwa mkuki na upinde, akawagawia wanawe wakubwa maeneo ya mipakani wayatawale. Gisabo alikuwa mmoja wa wanawe wadogo. Jina lake la kuzaliwa lina maana ya kibuyu cha kusukia maziwa, na si ajabu kwa nchi ambayo ng'ombe alikuwa kipimo cha heshima ya mtu.

Masimulizi ya Warundi yanasema mrithi wa kweli huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Wenye kufuatilia siasa watatambua kwamba desturi ya namna hiyo ilikuwa na faida yake: aliruhusiwa kurithi mtoto mdogo, na wale waliokuwa karibu na mama yake wakatawala kwa niaba yake hadi akue. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gisabo. Ntare alipofariki, mtoto huyo alipewa jina la Mwezi, na kaka yake mkubwa Ndivyariye akashika madaraka kama mlezi wa kiti.

Ulezi huo uliishia kwenye damu. Mwezi alipokua, alitaka kutawala mwenyewe, na Ndivyariye hakuwa tayari kuachia. Mfalme kijana alimshinda kaka yake vitani, lakini ushindi huo ulizaa uhasama ambao haukuisha katika maisha yake yote. Wana na wajukuu wa Ntare, waitwao Batare, waligeuka wapinzani wa kudumu wa wana wa Mwezi, waitwao Bezi. Kaskazini mashariki, kuelekea ilipo Muyinga ya leo na mpaka Bugufi, Batare walijitawala na kumtii mfalme pale tu ilipowafaa. Bugufi yenyewe, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilibaki upande wa Waingereza, na leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara. Msafiri anayevuka mpaka wa Kabanga kuingia Kobero na kuendelea hadi Muyinga anapita katika nchi ambayo Mwezi aliidai kuwa yake lakini mkono wake haukuifika sawasawa.

Sasa tuje Gishora, kilima kilicho kilomita chache kutoka mjini Gitega. Simulizi ya mahali hapo inasema palikuwa na mtawala mmoja aliyeitwa Ntibirangwa, ambaye aliasi. Mwezi Gisabo alimwendea kwa vita, akamshinda, na baada ya ushindi akajenga makazi juu ya kilima hicho na kukifanya kituo cha ngoma takatifu. Mbili kati yake zina majina hadi leo: Ruciteme, yaani yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yaani yule ambaye watu humlimia. Mswahili hahitaji mkalimani kwa hilo la pili. Anayelimiwa ni mfalme.

Ngoma hizo zilikabidhiwa ukoo maalumu uzitunze na kuzipiga, na kazi ikarithiwa baba kwa mwana. Hazikutengenezwa kwa mti wowote. Mti wake huitwa umuvugangoma, na jina hilo lenyewe linasema kazi yake, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Gogo huchongwa ndani likawa wazi, ngozi ya ng'ombe ikawambwa juu na kukazwa kwa mambo za mti. Wapigaji husimama nusu duara. Mbele yao huwa ngoma moja iitwayo inkiranya, na anayeipiga ndiye anayeongoza wengine. Nyuma yake, kundi moja la ngoma hushikilia pigo lisilokatika, na kundi jingine humfuata kiongozi katika kila anachobuni. Anayesikiliza santuri kwa makini, tena kwa spika nzuri, anaweza kuyatenganisha makundi hayo kwa sikio. Kwenye kispika cha simu yote huwa kelele moja, na pengine hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kurudi kwenye sahani na sindano.

Siku kubwa ya ngoma ilikuwa Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama iliyofanyika mwishoni mwa Desemba. Mfalme alionja unga wa mtama, ngoma kuu iitwayo Karyenda ikaheshimiwa, na hapo ndipo wananchi waliporuhusiwa kupanda. Ngoma nyingine, Rukinzo, ilimfuata mfalme kila alikokwenda. Alipoamka ilipigwa na alipolala ilipigwa. Kwa maneno mengine, ngoma ilikuwa saa ya nchi, kalenda ya kilimo na katiba kwa pamoja.

Mtawala huyo alikabiliana pia na wafanyabiashara wa Pwani. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, Muhammad bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa Ujiji na kando ya Ziwa Tanganyika. Alitaka pembe za ndovu na watumwa, na alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki. Wapiga upinde wa Mwezi walimrudisha ziwani. Tukumbuke kwamba huu ni wakati ambapo misafara ya Pwani ilikuwa imeshapenya Unyamwezi, Manyema na Karagwe. Burundi ilibaki mlango uliofungwa.

Hata wamisionari walijua hivyo. Mapadri wa White Fathers walifika Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa huko. Walirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne, wakaanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Waliondoka Warundi wachache waliowaamini, wakarudi na bunduki za Wajerumani nyuma yao.

Kituko cha ajabu kilitokea mwaka 1892. Mwaustria Oskar Baumann, akitokea upande wa Ziwa Victoria, alivuka mto Kagera na kuingia Burundi. Watu walimkimbilia kwa maelfu, wakicheza na kushangilia, wakiamini kwamba yeye ni Mwezi aliyerudi. Baumann aliamini kwamba ukoo wa wafalme hao umekwisha, kumbe Mwezi Gisabo alikuwa hai na akitawala, ila amejiweka mbali na macho ya Mzungu. Mgeni huyo aliendelea hadi kwenye vilima walikozikwa wafalme, akasikia vikiitwa misozi ya Mwezi, akatangaza Ulaya kwamba ameyapata yale Mabonde na Milima ya Mwezi ambayo wataalamu wa kale waliyaandika kuwa chanzo cha mto Nile. Mtu amesikia jina la mfalme, akadhani ni la mwezi wa angani.

Miaka hiyo ilikuwa migumu hata bila wageni. Sotoka iliua ng'ombe kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Zikafuata nzige, funza na ndui. Mfalme ambaye kazi yake ni kuhakikisha ng'ombe wanazaa na mtama unaota alijikuta anaulizwa maswali kimya kimya, na wapinzani wake waliyasikia.

Wajerumani walijenga kituo Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890. Wakati huo Mwezi alikuwa ameshatawala zaidi ya miaka 40 na alikuwa na maadui wawili wapya ndani ya nchi. Mmoja alikuwa Kirima, aliyejitwalia eneo la kaskazini magharibi. Wa pili alimuuma zaidi: Maconco, mkwe wake mwenyewe, aliyemwasi na kukimbilia kwa Wajerumani kuomba msaada.

Mkuu wa kituo cha Usumbura wakati huo alikuwa Kapteni Robert von Beringe. Wasomaji wanaopenda habari za wanyama wamewahi kukutana na jina hilo bila kujua, kwani ndiye aliyeua sokwe wa milimani katika Mlima Sabyinyo mwaka 1902, na aina hiyo ya sokwe mkubwa, yaani gorila, ikapewa jina lake. Mwaka 1903 aliamua kumwinda mfalme. Gavana Götzen, aliyekuwa Dar es Salaam, hakuwa ametaka vita na wafalme wa Rwanda na Burundi, maana alijua gharama ya kutawala nchi zenye watu wengi namna hiyo bila wafalme wao. Von Beringe hakusubiri. Alikwenda na askari wake na bunduki za kisasa, akiongozwa njia na Maconco na Kirima.

Mikuki na mishale iliyomshinda Rumaliza haikufua dafu mbele ya silaha hizo. Mwezi alikimbia kutoka kilima hadi kilima, nyumba zake zikichomwa. Hatimaye, tarehe 6 Juni 1903, alijitokeza Kiganda na kukubali masharti. Alikubali mamlaka ya Ujerumani, akatozwa faini ya ng'ombe 424, akaahidi kutowasumbua wamisionari, na akalazimishwa kuwatambua Kirima na Maconco kuwa watawala huru katika maeneo yao. Kwa mzee aliyekuwa ametawala nusu karne, hilo la mwisho lilikuwa chungu kuliko ng'ombe wote.

Wengi wangeishia hapo. Mwezi hakuishia hapo, na kwa maoni yangu sura hii ndiyo inayomtofautisha na watawala wengi wa wakati wake. Aligundua kwamba Wajerumani hawakuwa kitu kimoja. Götzen alikasirika kwamba amri yake imepuuzwa, von Beringe akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na von Grawert, aliyeona kwamba ni rahisi kumtawala mfalme mmoja kuliko watawala wadogo kumi wanaogombana. Mwezi akawa rafiki mwema wa mtu aliyehitaji rafiki. Maconco aliuawa na Wajerumani wale wale mwaka 1905. Kirima alikamatwa mwaka uliofuata na kupelekwa uhamishoni. Mzee aliyepigiwa magoti mwaka 1903 alitambuliwa na Wajerumani, miaka miwili tu baadaye, kuwa mfalme wa Burundi yote, na askari wao wakamsaidia kuwatiisha waasi, wakiwamo Batare wa kaskazini mashariki aliowashindwa maisha yake yote.

Je, alishinda au alishindwa? Wanahistoria wa Burundi hawajaacha kubishana. Wapo wanaomwona shujaa wa upinzani dhidi ya ukoloni, na wapo wanaosema aliuza uhuru wa nchi ili kulinda kiti. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mwaka 1903 hakuwa tena na uhuru wa kuuza. Alichokuwa nacho ni umoja wa nchi, na huo aliuokoa, ingawa kwa mkono wa mgeni.

Alifariki tarehe 21 Agosti 1908. Aliyemrithi, Mutaga Mbikije, alikuwa kijana wa miaka ipatayo 15, na madaraka yakawa ya malkia Ndirikumutima na kaka zake wakubwa. Ugomvi wa Gisabo na Ndivyariye ukarudi katika nyumba ya Gisabo mwenyewe. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao Gitega, kilipo kilima cha Gishora, ili wawe katikati ya nchi. Mutaga alifariki mwishoni mwa mwaka 1915, na mtoto mdogo akawa Mwami Mwambutsa. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliingia.

Ukoloni wa Kibelgiji na misheni haukupenda ngoma. Umuganuro ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Mfalme Mkristo hakupaswa kupiga magoti mbele ya gogo lenye ngozi, hivyo ndivyo walivyoona. Ngoma zikabaki bila sherehe iliyozizaa, zikawa burudani ya kuwapokea wakubwa. Tarehe 28 Novemba 1966 jeshi likaondoa ufalme wenyewe, na Burundi ikawa jamhuri.

Tazama tarehe hizo tena. Ufalme uliondolewa Novemba 1966, na watu wa Ufaransa wakaja na vinasa sauti mwaka 1967. Walichonasa ni sauti ya taasisi iliyokuwa imepoteza mwenyewe miezi michache tu nyuma. Haikuwa na mfalme wa kuidai wala sheria ya hakimiliki ya kuilinda. Si ajabu kwamba ilipofika Paris na London kila mmoja aliichukua kama mtu anayeokota embe lililoanguka njiani.

Wapigaji wenyewe walipata nafasi ya kusimama mbele ya walimwengu baadaye. Mwaka 1982 walialikwa katika tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza, wakaonekana kwa macho wakiingia uwanjani na ngoma vichwani huku wakiendelea kuzipiga. Mwaka 1992 sahani iliyotolewa na kampuni ya Real World ilibeba jina lao wenyewe kama wasanii. Novemba 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Serikali nayo ikakumbuka kwamba ngoma ni mamlaka. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayokataza wanawake kupiga ngoma hizo, inayotaka vikundi visajiliwe wizarani, na inayomtaka kila anayetaka ngoma katika shughuli isiyo ya serikali aombe kibali na kulipa faranga za Burundi 500,000 katika hazina ya taifa. Wakosoaji walisema ni kuwanyang'anya wananchi furaha ya harusi zao. Watetezi walisema ni kuirudishia ngoma heshima yake. Jambo moja halikutajwa sana: faranga hizo 500,000 anatozwa Mrundi anayeoza binti yake, ilhali mashine inayochapisha upya santuri huko ughaibuni haiguswi na amri hiyo.

Mwaka 2019 Gitega ilirudishiwa hadhi ya kuwa mji mkuu wa kisiasa. Jumba la Makumbusho la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1955, liko mjini humo, na wageni wanaofika hupelekwa pia Gishora. Huko wapigaji hutokea na mavazi yao ya rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na kijani, wakaruka na kupiga hadi vumbi likatimka. Ruciteme na Murimirwa zinatunzwa kilimani hapo hapo alipozikabidhi Mwezi Gisabo.